Kisima Kilichofukiwa Siku ya Nne

Mvua ilikatika Jumapili asubuhi. Kufikia Jumatano jua lilikuwa limeshakausha kila kitu, udongo wa mbele ya soko umeanza kupasuka, lakini bustani ya mvua ilikuwa bado inakunywa.

Aliyeisikia wa kwanza ni yule yule aliyeichora. Ilikuwa saa saba mchana, watu wamekimbilia vivulini, naye amechuchumaa ukingoni akikagua miche. Akasikia chini ya mawe: gluku. Kimya. Gluku, gluku. Kama mtu mwenye kiu aliyeinua kata na hataki kuishusha. Akatia kidole kwenye udongo. Mkavu. Akakizamisha mpaka mwisho. Mkavu vile vile. Na chini ya kidole, gluku.

Akajiambia ni hewa inayopanda katikati ya kokoto. Mtaalamu hakosi sababu. Akafuta kidole kwenye suruali, akaenda zake nyumbani, ila njia nzima hakugeuka nyuma, na yeye mwenyewe alijua kwamba anajizuia kugeuka.

Kijijini walimwita Mama Ramani, kwa sababu siku aliyofika alikuwa amebeba mgongoni bomba refu la plastiki lenye michoro, na watoto wakadhani ni bunduki. Alikuja kukipa kijiji kitovu kipya. Uwanja wa katikati, kati ya soko, shule na zahanati, kila masika uligeuka ziwa la tope; maji yalishuka kutoka kilimani na mapaa ya shule, yakakatiza sokoni, yakaingia zahanati bila kuvua viatu. Yeye akachora mitaro mipana yenye nyasi badala ya mifereji ya saruji, matangi ya kuvuna maji ya mapaa, vijia vya matofali yenye matundu, miti ya kivuli na mabenchi, na mahali pa chini kabisa bustani kubwa iliyolegea katikati kama sahani, ili maji yote yaje kutulia hapo na kuzama ardhini taratibu. Watu walitania kwamba wameomba dawa wakaletewa majani, lakini walijitokeza kuchimba.

Tatizo lilikuwa moja. Mahali hapo pa chini kabisa palikuwa na kisima cha zamani, kimejengewa kwa mawe, kina mfuniko wa mbao. Tangu bomba lifike hakuna aliyeteka maji humo. Kwa mtu aliyesomea maji lilikuwa jibu lililokaa tayari: kijaze mawe na kokoto, panda mimea juu, kiwe shimo la kunyonya.

Ila kisima kilikuwa na mtunzaji. Bibi mmoja mjane alikuwa akifagia ukingo wake kila asubuhi, akigonga mfuniko kwa vidole mara moja, akisalimia, kisha akishika njia yake. Mama Ramani alipokwenda kumweleza mpango, Bibi hakupinga. Alisema mwenye kisima alikuwapo kabla ya kijiji, naye si mbaya, ni mkimya tu, na jambo asilolipenda ni kushtukizwa.

"Sikukatazi, mwanangu," alisema. "Hata mimi nimechoka kuvuka tope. Nipe siku saba tu niagane naye. Mpangaji hatupiwi vyombo nje bila taarifa."

Mama Ramani hakuamini mambo hayo, lakini alimpenda yule Bibi.

"Siku saba, Bibi. Nakuahidi."

Wakapeana mikono.

Siku ya nne zikaja habari kwamba mvua kubwa ingenyesha mwisho wa juma. Mitaro ilikuwa wazi. Ikinyesha kabla shimo halijawa tayari, kazi ya mwezi mzima ingesombwa. Asubuhi hiyo Bibi alikuwa amekwenda zahanati kwa ajili ya miguu. Mama Ramani akamwita Nyapara.

Nyapara ndiye aliyewasimamia mafundi. Mtu mwembamba, penseli haitoki sikioni, maneno yake ya kuhesabu. Walikuwa wamefanya miradi mitatu pamoja, na ni yeye aliyemfundisha Mama Ramani, alipokuwa ametoka chuoni akijua vitabu tu, kuutambua udongo kwa kuunusa. Alipoambiwa afukie kisima alisimama kidogo.

"Bibi amekubali?"

"Amekubali."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Saa saba mchana kisima kilikuwa kimejaa mawe mpaka juu. Bibi aliporudi alikuta vibarua wakisawazisha udongo. Hakupiga kelele. Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, akaweka viganja juu ya ardhi kama anayepapasa mgonjwa.

Kamati ya kijiji ilikutana baada ya siku nne, chini ya paa la soko, ili kujua nani ametoa amri. Mama Ramani alitoka nyumbani akiwa ameshapanga maneno ya kuomba radhi. Njia nzima aliyarudia. Lakini alipoulizwa, akamwona Bibi amekaa mbele, mikono juu ya magoti, anamtazama kwa upole, na ule upole ndio uliomshinda. Mdomo ukashika njia yake.

"Mimi sikutoa amri. Nyapara aliharakisha."

Nyapara aligeuza shingo akamwangalia. Akaitoa penseli sikioni, akaitia mfukoni. Angeweza kujitetea, vibarua wawili walikuwa wamesikia. Alichosema ni kimoja tu: kama mhandisi amesema hivyo, basi ni hivyo. Akafukuzwa kazi jioni ile ile, na wiki iliyofuata, baada ya watoto wake kuzomewa njiani, akafungasha familia yake akahamia mjini. Bibi hakumlaumu mtu. Alisema anamhurumia atakayekuja kujibu. Wiki ya tatu alifariki. Mama Ramani alikwenda mazikoni akakaa nyuma kabisa, na hakuna aliyemtazama vibaya, jambo lililomuuma kuliko kama angetazamwa.

Hayo ndiyo yaliyokuwa chini ya mawe siku aliyosikia bustani ikinywa.

Alikuwa amepanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya shule, yeye, mumewe na binti yao wa miaka sita. Mumewe alikuwa fundi saa. Alifanyia kazi dirishani, kwenye meza ndogo yenye taa na vikoleo, na nusu ya saa za kijiji zilikuwa zimelala hapo zikisubiri zamu. Siku mbili baada ya ile sauti, mchana, mumewe alifungua saa ya mkononi ya mwalimu mkuu, na maji yakamwagika. Hakushtuka, saa huingia maji. Lakini maji hayakuisha. Yalimjaa kiganja, yakapita vidoleni, yakalowesha meza, yakaanza kudondoka sakafuni, kutoka kwenye saa isiyozidi kifuniko cha chupa. Yalikuwa baridi, na yalinuka tope la chini, la mahali ambapo jua halijawahi kufika. Mumewe alimwita mkewe kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona nyoka na hataki nyoka ajue. Alipofika, saa ilikuwa kavu. Meza tu ndiyo ilikuwa imelowa.

Alimwambia mumewe itakuwa unyevu wa masika. Mumewe alimtazama, kisha akatazama jua nje.

Baada ya hapo harufu ikahamia ndani. Ilikuja saa saba na kuondoka saa nane, kila siku, na kila siku iliingia hatua moja zaidi: mlangoni, sebuleni, kwenye mito ya kitanda.

Jumatatu alikuja mwanamke muuza mitumba, akicheka. Alisema wenzake sokoni wanauliza kama Mama Ramani siku hizi anafanya kazi ndani ya mtaro, maana tangu juzi wanamsikia akiongea humo lakini hawamwoni. Mama Ramani akauliza anaongea nini. Yule mwanamke akasema hawakuyashika vizuri, ni maneno machache yanarudiwa, kama mtu anayejifunza kusoma.

Saa saba alikwenda mwenyewe. Soko lilikuwa limetulia, wauzaji wamelala juu ya marobota yao, hata kuku wamejificha. Akafuata mtaro wa nyasi kutoka upande wa shule, akiinama kila hatua, akijiambia kwamba atakuta redio ya mtu imesahauliwa, au kibarua mlevi, au lolote lile lenye jina, na mbele yake nyasi zilikuwa zinalala zenyewe bila upepo, moja baada ya nyingine, kana kwamba kuna anayetambaa akimtangulia, na harufu ya tope ilikuwa imeshamjaa puani mpaka anaisikia kwenye ulimi, naye akaendelea kwa sababu aliogopa kusimama kuliko alivyoogopa kwenda, mpaka alipofika pale mtaro unapomimina maji bustanini, na hapo, kutoka katikati ya mawe, karibu kiasi kwamba pumzi yake ilimgusa kifundo cha mguu, akaisikia sauti yake mwenyewe, haijakosea hata kikohozi kidogo alicho nacho kabla ya kusema, ikitamka polepole:

"Amekubali. Kwa mdomo wake."

Hakukimbia. Ilisema mara tatu. Kisha ikanywa.

Siku iliyofuata mumewe naye alisikia. Alikuwa ameinama kwenye tangi la maji uani, akijaza ndoo, na bomba likasema kwa sauti ya mkewe: Mimi sikutoa amri, Nyapara aliharakisha. Alifunga bomba. Aliingia ndani, akakaa kwenye kiti chake cha kazi bila kuwasha taa ya meza. Yeye na Nyapara walikuwa marafiki. Jioni nyingi walicheza bao hapo uani, na alipofukuzwa, mumewe ndiye aliyemsaidia kufunga mizigo, akimwambia kwamba kila mtu hukosea.

"Alikosea?" alimuuliza mkewe sasa.

Mama Ramani alijibu kwamba hapana. Kisha akamweleza yote, tangu kupeana mikono na Bibi mpaka penseli kuingia mfukoni. Mumewe hakufoka. Alichukua bisibisi ndogo, akaitazama, akairudisha mahali pake.

"Nilimwambia kila mtu hukosea," alisema. "Naye akaniitikia."

Usiku ule kila mmoja alilala akitazama ukuta wake. Pengine Mama Ramani angeendelea kubeba mzigo huo, maana binadamu huzoea hata msumari kwenye kiatu, lakini saa saba ya kesho yake walimkuta binti yao kwenye tangi. Alikuwa amepiga magoti, mdomo kwenye bomba, anakunywa. Wakamvuta, akashika bomba kwa mikono miwili. Walipomtoa, tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma na fulana imelowa yote, na bado koo lilikuwa linakwenda, gluku, gluku, bila maji. Macho yake yalikuwa na woga wa mtoto aliyefinywa na mtu asiyemwona.

"Siyo mimi, mama," alinong'ona. "Ni yeye ndiye mwenye kiu."

Mganga waliyemwita alifika alasiri hiyo hiyo, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye miwani na mkoba, amekaa nyuma ya pikipiki akishika mwavuli. Hakupiga ngoma wala hakufukiza kitu. Alimshika mtoto tumbo, akaomba apelekwe bustanini, akakaa kwenye benchi akisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama, kama anayepokea simu ya mtu mwenye maneno mengi. Kisha akamwita Mama Ramani akae karibu.

Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba aliyemo angekubali kuhama. Alikuwa ameshaanza kuagana na yule Bibi. Walimfukia katikati ya maneno. Na juu ya mawe wakaweka uongo, ambao ni mzito kuliko mawe, ndiyo maana hapumui, anakunywa tu.

"Kuna kazi mbili," alisema. "Mawe watatoa wanaume. Maneno utatoa wewe, mbele ya wale wale, saa ile ile aliyofukiwa."

Kesho yake, saa saba, kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Mama Ramani alisimama ukingoni mwa bustani yake. Alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi akaona herufi zinalowa mkononi, akaitupa. Akasema kwamba ahadi ya siku saba aliitoa yeye na aliivunja yeye. Kwamba Nyapara aliuliza mara mbili naye akamdanganya mara mbili. Kwamba pale, chini ya paa la soko, alidanganya mara ya tatu mbele yao wote, na mtu akapoteza kazi na heshima, na Bibi akafa bila kuombwa radhi. Hakulia. Alitamani kulia, maana aliyelia huhurumiwa, naye akaona hata hiyo ingekuwa wizi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Muuza mitumba alijifunika mdomo kwa khanga.

Kisha wanaume wakaanza kutoa mawe. Mwanzoni walitania, kina kilipozidi utani ukaisha. Kila jiwe lililotoka lilikuwa limelowa ingawa udongo wa pembeni ulikuwa mkavu, na kila moja lilipotua chini lilitoa mlio wa mtu anayevuta pumzi, na wale waliokuwa ndani ya shimo wakaacha kutazamana, wakawa wanapitisha mawe kwa haraka wamefumba macho, mpaka likatolewa la mwisho na kutoka chini kukapanda ubaridi, ukawapita wote nyusoni ukiwa na ile harufu, na miche yote ya bustani, mamia ya miche, ikainama upande mmoja, upande wa barabara iendayo mjini, ikakaa hivyo kwa muda wa mtu kupita, halafu ikasimama.

"Ametoka," mganga alisema.

Mwenyekiti aliuliza kama amerudi kisimani. Mganga alichungulia, akasema kisimani hamna mtu. Akaulizwa basi amekwenda wapi. Akasema kazi yake ni kutoa. Pa kwenda, wanaotolewa hawamwachii anuani. Watu wakacheka, cheko la kwanza kwa siku nyingi, na binti wa Mama Ramani akavuta nguo ya baba yake akasema ana njaa.

Mama Ramani alichora upya. Kisima aliacha wazi, akakizungushia ukuta wa mawe, na bustani akaigeuza pete kukizunguka, ili maji yazame pembeni bila kukigusa. Mvua iliyofuata ilinyesha usiku kucha. Asubuhi zahanati ilikuwa kavu, na kabla ya adhuhuri bustani ilikuwa imemaliza maji yake kimya kimya, kama inavyotakiwa. Watu walikaa kwenye mabenchi. Wazee walimshika mkono wakamsifu, na kila sifa ilimchoma, kwa sababu kulikuwa na mlango mmoja ambao hakuwa bado ameugonga.

Ilimchukua wiki mbili kupata ujasiri. Mumewe alimpa anuani bila kusema neno. Akapanda basi la asubuhi, akafika mjini, akauliza mpaka akapata nyumba: mlango wa bluu, kibaraza, fremu za madirisha zimeegemezwa ukutani zikisubiri rangi. Nyapara alikuwa kibarazani akipiga msasa. Alimwona, akatabasamu, akamsogezea kigoda bila kushangaa hata kidogo.

"Karibu tena, mhandisi."

Mama Ramani alikaa. Alikuwa ameishika hotuba yake tangu basi, akaogopa kwamba akijibu salamu itamponyoka, kwa hiyo akaanza moja kwa moja. Alisema amekuja kuomba msamaha. Alisema alilofanya halina kisingizio. Nyapara aliweka msasa chini, akamkatisha kwa upole.

"Hilo tulishalimaliza. Mbona unalirudia?"

Alidhani ni ukarimu. Akasema hapana, lazima aliseme mwenyewe, ana kwa ana.

"Ulishalisema ana kwa ana." Nyapara alicheka kidogo. "Tangu Ijumaa ile unakuja, unakaa hapo hapo, unasema maneno hayo hayo. Mara ya kwanza nilikuwa na hasira, sikukujibu. Mara ya pili uliniomba maji, nikakupa. Mara ya tatu nikaona, huyu mtu atajiua kwa majuto. Nikakusamehe. Nikakupa mkono." Akatazama viatu vya Mama Ramani. "Leo ndiyo mara ya kwanza unakuja na miguu mikavu."

Mawe yalitolewa siku ya Alhamisi, mkesha wa Ijumaa ile.

Mama Ramani akahesabu siku tena, na hesabu haikubadilika. Mbele yake alikuwa amekaa mtu ambaye yeye alimtendea vibaya kuliko mtu yeyote duniani, uso wake umetulia, hasira imeisha, usingizi umemrudia. Kumwachia utulivu ule kulihitaji neno moja tu: ndiyo. Angelitamka, angekunywa chai yake, angerudi nyumbani ameshasamehewa. Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Hakuwa mimi," alisema. "Sijawahi kufika hapa. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

Kisha akamweleza yaliyotokea kijijini, kwa sauti ya chini, asijue aanzie wapi na aishie wapi. Nyapara alisikiliza bila kutikisika. Uso ulianza kumtoka rangi taratibu, naye Mama Ramani akaona kwamba kwa mara ya pili maishani amemnyang'anya mtu huyu alichokuwa nacho, na safari hii kwa kusema kweli.

"Basi nimemsamehe nani?" Nyapara aliuliza.

"Nilimpa mkono," alisema tena, akitazama kiganja chake. "Nikamwambia asibishe hodi tena. Nikamwambia hapa ni kwake, aje wakati wowote."

Barabarani pembeni, watu walikuwa wanafunga maduka kwa mapumziko ya mchana. Kutoka nyuma ya nyumba, uani, wakasikia ndoo ikiwekwa chini, na sauti ya mke wa Nyapara, ya furaha, ya mtu anayempokea mgeni aliyemzoea:

"Karibu, dada. Pita ndani, mume wangu yuko barazani. Lo, umelowa tena."